Kutulia na Kutulizwa: Uhakiki wa Usemi "Ama Mobutu, Ama Machafuko" kwa Mwanga wa Kumbukumbu za Kiswahili cha Katanga

Ikisiri

Makala hii inahakiki dhana ya utulivu kama ilivyotumiwa kuuhalalisha utawala wa Mobutu Sese Seko nchini Kongo (Zaire) kati ya mwaka 1965 na 1997. Inadaiwa kwamba kilichoitwa utulivu kilikuwa ni kutulizwa: hali iliyoletwa na mtenda wa nje, ikahitaji kurudiwa kila ilipolegea, na ikauondolea utawala haja ya kupatana na raia wake. Hoja hiyo inajengwa kwa kuchunguza umbo la maneno yenyewe, kisha kwa kusoma kazi mbili zilizotungwa kwa Kiswahili cha Katanga: historia ya mji wa Elisabethville ya André Yav na mfululizo wa picha na masimulizi wa Tshibumba Kanda Matulu. Mwisho makala inauliza iwapo sisi wenye Kiswahili, ambao sasa tunatuma vikosi kwa majirani, tumeepuka sarufi ile ile.

1.0 Utangulizi

Kwa miongo mitatu usemi mmoja mfupi ulizunguka katika balozi na wizara za mambo ya nje za Magharibi kila ilipotajwa Zaire: ama Mobutu, ama machafuko. Michael Schatzberg aliuchukua usemi huo kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu uhusiano wa Marekani na Zaire, kwa nia ya kuuhoji. Kabla yake, Crawford Young na Thomas Turner (1985) walikwisha kueleza kwa kina jinsi dola la Zaire lilivyopanda na kuporomoka. Wataalamu hao waliujibu usemi huo kwa hoja za siasa na uchumi. Makala hii inaujibu kwa kuutazama kama sentensi, yaani kwa kuuliza nani ametajwa ndani yake, nani amefichwa, na lugha ya walioishi chini ya utawala huo ingeusemaje.

Swali hili lina nafasi yake katika kongamano la Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, jimbo lililovamiwa na kuokolewa mara nyingi kuliko mengine katika historia hiyo, Katanga, ni jimbo la wasemaji wa Kiswahili. Hata jina ambalo Mobutu alilipa wakati wa sera yake ya uasilia, Shaba, ni neno la Kiswahili. Jimbo likaitwa kwa kile kinachochimbwa humo. Pili, tangu mwaka 1996 Kiswahili chenyewe kimekuwa lugha ya majeshi yanayovuka mipaka. Hatuwezi kuizungumzia sarufi ya uingiliaji kana kwamba ni ya wageni peke yao.

2.0 Umbo la Usemi

Tuanze na maneno. Utulivu linatokana na kitenzi kutulia kwa kupitia kivumishi -tulivu. Kiambishi tamati -vu, kama katika uvumilivu na upotevu, hutaja hali iliyomo ndani ya mwenye kutajwa. Mtu mtulivu ametulia mwenyewe. Kitenzi hicho hicho kikiingia katika kauli ya kutendesha kinakuwa kutuliza, na katika kutendwa kinakuwa kutulizwa. Hapo lazima awepo mtulizaji, na lazima iwepo njia: dawa, fimbo, fedha au maneno mazuri. Aliyetulia na aliyetulizwa huonekana sawa kwa anayetazama kutoka mbali. Tofauti hujitokeza mtulizaji anapoondoka.

Upande wa pili wa usemi una neno machafuko. Chafua ina mtenda, ilhali chafuka, kwa kauli ya kutendeka, haimdai mtenda. Maji yamechafuka, aliyeyachafua hatajwi. Kwa hiyo usemi unaweka kwenye mizani vitu viwili visivyolingana: upande mmoja mtu mwenye jina, na upande mwingine hali isiyo na mwenyewe, iliyozuka tu kama mvua. Msikilizaji haulizwi ni nani aliyechafua Kongo kati ya mwaka 1960 na 1965. Akiuliza, mizani inabadilika, kwa kuwa baadhi ya waliochafua ndio hao hao waliokuja kutuliza.

Neno la tatu halimo katika usemi, bali ndilo linaloubeba: kuingilia. Kauli ya kutendea inaonyesha kwamba kuna kitu au mtu anayeingiliwa. Kuingia nyumbani kwa mwaliko si sawa na kuingilia ugomvi wa watu wa nyumba. Methali yetu inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kisa cha Zaire swali la mhakiki ni mwenyeji yupi aliyepona: mwenye ikulu, au mwenye nyumba ndogo ya Kolwezi?

3.0 Mfululizo wa Kutulizwa

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye jeshi liliasi dhidi ya maofisa wake wa Kibelgiji, Ubelgiji ikapeleka askari bila idhini ya serikali mpya, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kujitenga kwa Katanga akiwa na msaada wa Wabelgiji. Umoja wa Mataifa ulituma kikosi. Mnamo Septemba, Mobutu, aliyekuwa mkuu wa utumishi wa jeshi, alitangaza kuwasimamisha wanasiasa. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi kwa sehemu yake katika mauaji hayo, baada ya uchunguzi wa bunge lake.

Kujitenga kwa Katanga kulikomeshwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa mwezi Januari 1963. Mwaka uliofuata waasi wa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki, na tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji walishushwa Stanleyville kwa ndege za Marekani. Mwaka mmoja baadaye, tarehe kama hiyo, Mobutu alitwaa madaraka yote. Utawala uliosifiwa kwa utulivu ulizaliwa, basi, katikati ya mfululizo wa uingiliaji.

Mfululizo huo haukukoma baada ya utawala kujijenga. Tarehe 8 Machi 1977 wapiganaji wa FNLC waliingia Shaba kutoka Angola. Wengi katika kiini cha kundi hilo walikuwa askari wa zamani wa Katanga waliokimbilia Angola baada ya kushindwa kwa Tshombe. Yaani, mabaki ya uingiliaji wa kwanza yalirudi kuwa sababu ya uingiliaji wa pili. Jeshi la Zaire lilirudi nyuma. Moroko ilituma askari wapatao 1,500, wakasafirishwa kwa ndege za Ufaransa, na jimbo likarudishwa mikononi mwa serikali. Mwezi Mei 1978 wapiganaji wale wale waliuteka Kolwezi, mji wa shaba na kobalti. Tarehe 19 Mei askari wa Kikosi cha Kigeni cha Ufaransa waliruka kwa miavuli juu ya mji huo. Wabelgiji wakafuata, na Marekani ikasaidia usafiri. Baada yao kilikuja kikosi cha nchi za Afrika kilichoongozwa na Moroko.

Mara mbili katika miezi kumi na mitano utawala ulioitwa imara haukuweza kulinda jimbo lililoupa sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni. Lililo la kushangaza kwa mhakiki ni kwamba matukio hayo hayakuuondoa usemi wetu. Yaliutia nguvu. Kila udhaifu wa Mobutu ulisomwa kuwa ushahidi kwamba angeondoka pangekuwa pabaya zaidi.

4.0 Gharama ya Kutulizwa

Uingiliaji ulifanya nini ndani ya dola? Tuchukue jeshi kwanza. Mtawala anayejua kwamba wageni watakuja hahitaji jeshi linaloweza kupigana. Anahitaji jeshi lisiloweza kumpindua. Mapema mwaka 1978 maofisa waliotuhumiwa kula njama waliuawa na wengine wengi wakafukuzwa. Vikosi viligawanywa kwa walezi tofauti: divisheni ya Kamanyola ilifunzwa na Korea ya Kaskazini, walinzi maalumu wa rais wakafunzwa na Israeli, askari wa miavuli wakafunzwa na Wafaransa. Jeshi la namna hiyo halina amri moja wala mazoea ya kupigana bega kwa bega. Ni dhaifu kwa makusudi.

Kwa upande wa fedha, mwaka 1978 Erwin Blumenthal, mtaalamu wa benki kutoka Ujerumani, alipelekwa katika Benki ya Zaire kwa mpango wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Aliondoka baada ya muda mfupi, na ripoti yake iliyojulikana mwaka 1982 iliwaonya wadai kwamba, kwa ufisadi uliokuwepo, hawakuwa na tumaini la kulipwa. Onyo lilisomwa, mikopo ikaendelea, na madeni yakapangwa upya mara kwa mara. Kodi ndiyo mahali ambapo mtawala hulazimika kuzungumza na mlipaji. Mtawala anayeishi kwa madini na mikopo ya kisiasa huweza kuyakwepa mazungumzo hayo kwa miaka mingi.

Hapa ndipo hoja yetu ya umbo inapokutana na historia. Kutulizwa hakuleti kutulia, kwa sababu kila mara dawa inapotolewa, mgonjwa na jamaa zake huondolewa haja ya kuutafuta ugonjwa. Vita Baridi vilipokwisha, mtulizaji aliondoka. Aprili 1990 Mobutu aliruhusu vyama vingi. Septemba 1991 askari wasiolipwa walipora Kinshasa. Ufaransa na Ubelgiji zilipeleka majeshi, lakini safari hiyo hasa ili kuwahamisha raia wa kigeni. Vita vilipoanza mashariki mwishoni mwa mwaka 1996, hapakutokea tena jeshi la Magharibi la kumwokoa. Tarehe 17 Mei 1997 Kinshasa ilianguka, na Septemba mwaka huo Mobutu alifariki Rabat, mji mkuu wa nchi ile ile iliyomtumia askari miaka ishirini nyuma.

5.0 Ukumbusho

Mpaka hapa tumeyasikia mambo kama yanavyosimuliwa na wataalamu. Kiswahili cha Katanga kina kumbukumbu zake. Mwaka 1965, mwaka wa mapinduzi ya Mobutu, André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa niaba ya watumishi wa nyumbani. Jina lake ni la Kifaransa na matini ni ya Kiswahili. Historia ya mji inaonekana humo kwa macho ya mtu aliyepika, akafua na kusimama nyuma ya kiti akisikiliza. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990.

Fabian huyo huyo alifanya mazungumzo na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu mjini Lubumbashi katika miaka ya 1973 na 1974. Tshibumba, aliyezaliwa mwaka 1947, alijiona kuwa mwanahistoria. Alichora historia ya nchi yake katika picha 101, kila moja akiieleza kwa Kiswahili cha mji wake. Fabian aliitoa kazi hiyo mwaka 1996. Maandishi yaliyomo ndani ya picha ni ya Kifaransa na ni mafupi. Masimulizi ni ya Kiswahili na ni marefu. Mgawanyo huo una maana. Kifaransa kinatoa kichwa cha habari ambacho afisa yeyote angeweza kukisoma ukutani. Kiswahili kinatoa mazungumzo, kusita, kurudi nyuma na kulinganisha. Mtu aliyeishi chini ya chama kimoja alijua lugha ipi ionekane na lugha ipi isikike.

Katika mfululizo huo kifo cha Lumumba kimechorwa kwa alama za Msalaba: misalaba mitatu nyuma, na jeraha ubavuni. Majeshi ya kigeni, Umoja wa Mataifa na vita vya Katanga vimo pia. Mobutu naye yumo, kwa heshima iliyotarajiwa. Lakini mpangilio wa picha hausemi kwamba machafuko yaliisha alipokuja mtu mmoja. Damu ya mwaka 1961 inabaki ikisubiri maelezo, na picha za mwisho, zinazogeukia wakati ujao, hazina furaha tupu. Mfululizo ulikamilika miaka mitatu kabla ya vita vya kwanza vya Shaba. Mchoraji hakuhitaji kutabiri. Ilitosha kwamba hakukubali kuwa kilichonyamazishwa kimekwisha.

Wakazi wa Lubumbashi waliziita picha za namna hii ukumbusho. Neno hilo linatokana na kukumbusha, kauli ya kutendesha ya kukumbuka. Kwa hiyo tunazo kauli mbili za kutendesha zinazoshindana juu ya watu wale wale: utawala na wafadhili wake wanatuliza, na mchoraji anakumbusha. Anayekumbusha anamrudishia msikilizaji kazi ya kukumbuka mwenyewe. Anayetuliza anamwondolea kazi.

Inafaa tukiri kosa la uwanja wetu. Maandishi na rekodi za Kiswahili cha Kongo zimesomwa kwetu zaidi kama ghala la data ya ngeli, upatanisho na maneno ya mkopo, na mara nyingi kwa lengo la kuonyesha jinsi Kiswahili hicho kinavyotofautiana na sanifu. Yav na Tshibumba wametumiwa kama watoa taarifa. Ni nadra kuwasoma kama watu wenye hoja kuhusu dola. Kama tungewasoma hivyo mapema, usemi wa "ama Mobutu" ungekuwa umepata jibu kwa Kiswahili kabla ya kupatiwa jibu kwa Kiingereza.

6.0 Mapingamizi

Msomaji mwenye haki ataleta mapingamizi matatu. La kwanza ni kwamba Mobutu alidumu miaka 32, na vita vilivyofuata baada yake viliua watu wengi mno; je, usemi haukuwa kweli? Jibu ni kutenganisha kudumu kwa mtawala na kudumu kwa dola. Vita vya baada ya mwaka 1997 vilipiganwa juu ya magofu ambayo miaka hiyo 32 iliyajenga: jeshi lisilopigana, hazina tupu, na mipaka isiyolindwa. Machafuko hayakuwa mbadala wa Mobutu. Sehemu yake kubwa ilikuwa urithi wake.

La pili ni kwamba huko Kolwezi watu walikuwa wanauawa, Waafrika na Wazungu, na askari walioshuka waliokoa maisha. Hilo ni kweli, na uhakiki unaolikwepa hauna uzito. Lakini kuokoa watu ni tendo lenye mwisho, ilhali kuurudisha utawala kitini ni tendo jingine. Yaliyofanyika Mei 1978 yaliyaunganisha matendo hayo mawili chini ya kitenzi kimoja, kuokoa, na la kwanza likalipia heshima ya la pili.

La tatu linatoka upande wa pili: kwamba Mobutu alikuwa kibaraka tu. Neno kibaraka nalo linaficha mtenda. Huyu ndiye aliyevunja uhusiano na Israeli mwaka 1973 na kumfukuza balozi wa Marekani mwaka 1975. Aliwacheza wafadhili wake kwa ustadi, akiutumia udhaifu wake kama tishio: nikianguka, nanyi mtapoteza. Uingiliaji ulidumu kwa sababu ulizifaa pande mbili. Upande wa tatu, raia, haukuwa na nafasi katika sentensi.

7.0 Lugha Yetu Nayo

Chini ya Mobutu, Lingala ilikuwa lugha ya jeshi. Masikioni mwa watu wa mashariki ilinuka kizuizi cha barabarani. Mwaka 1997 hali iligeuka. Muungano wa AFDL wa Laurent-Désiré Kabila, ukisaidiwa na Rwanda, Uganda na Angola, uliingia Kinshasa na Kiswahili kinywani mwa wapiganaji wake, miongoni mwao watoto walioitwa kadogo. Neno hilo la upendo, la mtoto mdogo wa nyumbani, likawa jina la mwenye bunduki. Agosti 1998 waliomweka Kabila madarakani walimgeukia. Rwanda na Uganda zikawa upande mmoja, Angola, Zimbabwe na Namibia upande mwingine. Mtawala mpya naye alisimama kwa majeshi ya nje.

Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Novemba mwaka huo kikosi cha Jumuiya kilianza kuwasili Goma. Kiliondoka Desemba 2023 baada ya Kinshasa kukataa kukiongezea muda. Kiini cha mgogoro huo kilikuwa ni kitenzi. Serikali na waandamanaji wa Goma walitaka kikosi kipigane na M23. Viongozi wa kikosi walisema kazi yao ni kusimamia usitishaji wa mapigano na kutoa nafasi kwa mazungumzo. Kulinda, kutenganisha, kupigana: kila upande uliisoma hati moja kwa kitenzi chake.

Katika makongamano yetu husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili ni lugha ya amani, na kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, hurudiwa. Ni tumaini jema, ila si maelezo. Kwa mama wa Kivu ambaye katika robo karne amesikia Kiswahili kutoka kwa mkombozi, mvamizi, mwasi na mlinda amani, lugha hiyo ni ya yeyote anayegonga mlango. Tukiitangaza kuwa lugha ya amani bila kuuliza anayegonga ni nani, tunarudia kosa la usemi tuliouhakiki.

8.0 Hitimisho

Makala imedai kwamba utulivu wa Zaire ulikuwa kutulizwa, kwamba kutulizwa huko kulikula misingi ambayo ingewezesha kutulia, na kwamba wasemaji wa Kiswahili cha Katanga walikwisha kuhifadhi ukumbusho uliopinga hesabu hiyo. Yanatokana nayo mapendekezo mawili.

Kwa watafiti: kazi kama za Yav na Tshibumba ziingizwe katika mitaala ya fasihi na uchambuzi wa kilongo ya vyuo vya ukanda huu zikiwa kazi za fikra, pamoja na Kiswahili chake kama kilivyo, bila kusanifishwa kwanza.

Kwa washauri wa sera: hati ya kila kikosi cha kikanda itungwe pia kwa Kiswahili na kutangazwa kwa watu wa eneo kabla askari hawajafika. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina uwezo wa kuisimamia kazi hiyo. Faida yake si heshima ya lugha. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha mtenda, kikaweza kubeba na cha mtendwa. Ni vigumu kuandika kwa Kiswahili kinyoofu kwamba amani italindwa bila kuulizwa nani atailinda, dhidi ya nani, na mpaka lini. Na pale ripoti inapoandika kwamba eneo fulani lina utulivu, mshauri aulize swali ambalo halikuulizwa kuhusu Kolwezi: watu hawa wametulia, au wametulizwa?